Makutano ya Sokoni: shajara ya mradi wa kupunguza foleni

Septemba, wiki ya mwisho

Kamati ya Maendeleo ya Kata imekaa leo, ajenda moja tu: foleni ya makutano. Mimi ni fundi sanifu wa barabara, nimepewa kazi ya kuandika kila hatua ili wananchi wasiwe wanapata habari za mradi kwa wapiga debe. Shajara itabandikwa pia kwenye ubao wa ofisi ya kata, kwa hiyo nitakwepa lugha ya kihandisi kila inapokwepeka.

Kwa asiyepajua: barabara kuu ya kwenda mjini ina njia mbili kila upande. Ukielekea mjini, kushoto kwako inaingia barabara ya soko, kulia kwako ile ya shule ya msingi na makazi. Taa zipo. Ila asubuhi na jioni hazitazamwi na mtu, trafiki anaongoza kwa mkono.

Hoja iliyopigiwa makofi ni daraja la juu, "kama lile la TAZARA". Siwalaumu waliopiga makofi. Daraja hilo la makutano ya TAZARA jijini Dar es Salaam, liitwalo Mfugale, lilipozinduliwa Septemba 27, 2018, magari ya Barabara ya Nyerere yakaanza kupita juu ya yale ya Mandela, na wenye safari za uwanja wa ndege wakapumua. Kisha ikaja Kijazi pale Ubungo, barabara za ngazi tatu, ikazinduliwa Februari 24, 2021. Lakini pale ni barabara kuu zinazokutana zenyewe kwa zenyewe, na fedha zilitoka serikalini pamoja na msaada wa Japani kwa TAZARA na mkopo wa Benki ya Dunia kwa Ubungo. Halmashauri haijengi daraja la juu kwa ushuru wa nyanya. Nilimweleza mheshimiwa diwani hivyo, kwa adabu zote, akacheka, akasema basi tupanue barabara.

Kupanua nako kuna habari yake. Sheria ya Barabara ya 2007 imeweka hifadhi ya barabara kuu kuwa mita 30 kila upande kutoka katikati. Kabla ya hapo ilikuwa mita 22.5. Ukipima mita 30 kwenye makutano yetu unaingia ndani ya duka la vifaa vya ujenzi, unapita sebule ya mtu, unatokea uani. Neno "X", alama inayochorwa kwenye nyumba za kubomolewa, lilipotajwa kikaoni, kelele zikaanza na mwenyekiti akaahirisha.

Oktoba, mwanzoni

Nimekaa na makaratasi kujua nani mwenye makutano. Barabara kuu iko chini ya TANROADS, Wakala wa Barabara Tanzania. Barabara ya soko na ya shule ziko chini ya TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini ulioanza 2017 na kuchukua kazi za barabara zilizokuwa za halmashauri. Njia za daladala na leseni zake ni za LATRA, mamlaka inayodhibiti usafiri wa ardhini. Kuongoza magari ni kazi ya polisi wa usalama barabarani.

Halmashauri imebaki na nini? Lami si yake. Taa si zake. Inalo soko, inavyo vibanda, vijiwe vya bodaboda, mpango wa matumizi ya ardhi, usafi, na madiwani wenye sauti ya kusema kipi kianze. Kwa maneno mengine, katikati ya makutano hatuna kitu, pembeni pote ni petu. Mjumbe mmoja aliuliza kama maana yake mradi umekufa kabla ya kuzaliwa. Nikamjibu asubiri tuhesabu magari kwanza.

Oktoba, wiki ya kuhesabu

Vijana wa chuo wamegawanywa kwenye pembe nne, kila mmoja na fomu yake: gari dogo, daladala, lori, bajaji, pikipiki, baiskeli na mkokoteni. Tunahesabu kwa vipande vya robo saa, kuanzia saa kumi na mbili asubuhi. Mwisho wa siku kila chombo kinageuzwa kuwa kipimo kimoja: pikipiki ni sehemu ya gari dogo, basi kubwa ni magari mawili au zaidi. Bila hivyo utalinganisha Coaster na bodaboda kana kwamba zinakula lami sawa.

Takwimu zitakwenda kwa mhandisi. Hapa naandika nilichokiona nikiwa nimesimama kwenye kona ya mama lishe.

Barabara iliyo wazi mbele hupitisha gari moja kila sekunde mbili kwa kila njia, yaani kama 1,800 kwa saa ikiwa kijani muda wote. Hilo ndilo tunalotarajia mtu akiruhusiwa kwenda mjini. Basi trafiki anawaruhusu. Magari matatu, manne yanapita, halafu kimya. Mkono wa afande bado unapunga, lakini hakuna kinachotembea. Sababu iko mbele: kituo cha daladala kimeanza pale pale kona inapoishia. Daladala ya kwanza inapakia, konda amening'inia mlangoni anaita "Posta, Posta, siti zipo". Ya pili imejibana nyuma yake. Ya tatu haitaki kupitwa na ya nne, kwa hiyo imesimama mshazari, pua kwenye kituo, tairi za nyuma kwenye njia ya kulia. Ya nne iko katikati ya makutano kabisa, na abiria wanashukia hapo hapo mbele ya bajaji. Njia mbili zimekuwa sifuri.

Wa sokoni wanaporuhusiwa wanakuta uwanja umejaa, wanajaribu kupita kati, ndipo makutano yanafunga. Upana wa barabara haukuhusika hata mara moja. Ungeweza kuweka njia tano kuja kwenye taa, zote zingeishia kwenye kisigino cha daladala ile ile.

Wachuuzi wa karanga na maji wanajua haya kuliko sisi. Wanasimama pale ambapo gari halina budi kusimama.

Oktoba, siku mbili tatu baadaye

Nimezungumza na trafiki wa zamu, mtu mzima, anapajua hapa tangu barabara ya soko ilipokuwa vumbi.

"Shikamoo afande."

"Marahaba. Umekuja kunihesabu na mimi?"

Nikamuuliza kwa nini hawaachii taa. Akasema taa haioni. Taa inawapa kijani watu ambao mbele hawana pa kwenda, na inawanyima walio na nafasi. Yeye anaona. Halafu akaongeza kwa sauti ya chini kwamba akiwapa wa sokoni muda mfupi, wanaumaliza kwa kubishana nani aanze.

Ana hoja, ila mkono wake nao una gharama. Mwaka 1958 Mwingereza F. V. Webster alitoa kanuni ya kupanga mzunguko wa taa ambayo bado inatumika. Kila zamu ya kijani inapobadilika zinapotea kama sekunde 4: wa mbele anashtuka, anaingiza gia, na wa mwisho lazima aondoke kabla upande mwingine haujaanza. Makutano yetu yana zamu nne, maana wakata kulia wana zamu zao, kwa hiyo zinapotea sekunde 16 kila mzunguko. Chukua 16, zidisha kwa moja na nusu, unapata 24. Ongeza 5, ni 29. Sasa gawanya kwa sehemu ya uwezo ambayo haijatumika. Tuseme, kwa mfano tu, asilimia 70 imetumika: unagawanya kwa 0.3, unapata mzunguko wa sekunde 97 hivi. Zamu zikiwa mbili badala ya nne, hesabu hiyo hiyo inatoa sekunde 57.

Mkono wa trafiki hauendi kwa sekunde, unakwenda kwa dakika. Mwanzoni wote wanapita vizuri, kwa sababu hakuna muda unaopotea kubadilisha zamu. Lakini wanaosubiri upande wa pili foleni yao inarefuka mpaka inaziba makutano ya nyuma, yale ya kituo cha mafuta, na kuanzia hapo foleni mbili zinalishana. Kanuni ya Webster pia haina la kusema kama kijani kinawaka na njia imezibwa mbele, kwa sababu uwezo uliokwisha kufa haugawanyiki. Kwa hiyo afande na Webster wote wanasubiri kitu kimoja: kituo kihame.

Novemba

Mvua za vuli. Kalavati la barabara ya soko limeziba kwa mifuko ya saruji na maganda ya nazi, maji yamekaa juu ya lami, magari yote yanahamia njia moja kukwepa dimbwi. Hilo ni la halmashauri na soko lake, na halihitaji mtaalamu kutoka popote. Limezibuliwa. Litaziba tena mpaka ghuba la taka liondolewe pale.

Desemba, kikao cha wadau

Kikao kirefu kuliko vyote. Walikuwepo madereva na makonda, viongozi wa bodaboda, bajaji, wachuuzi, mwalimu mkuu wa shule ya msingi, na imamu wa msikiti ulio jirani.

Pendekezo letu: kituo cha kuelekea mjini kisogee mita 60 kutoka kona ya makutano. Vitabu husema kituo kikae baada ya makutano na si kabla, na hiki kiko baada; kasoro ni umbali. Coaster ina urefu wa mita kama 7. Nne zikipangana na nafasi ya kuchomokea zinakula mita 35 hadi 40. Ukiweka mita 60, hata ya tano na ya sita zikija zitasubiri kando bila kuingia makutano. Tukaomba pia kituo kichimbwe ndani kidogo ili njia ya kushoto ibaki ya kupita.

Madereva hawakuwa na shida, mradi kila mmoja ahame, si huyu ahame na yule abaki kuokota abiria wa kona. Wasiwasi wao ni wa kweli. Dereva anapeleka hesabu kwa tajiri jioni, na abiria watano wa kona ndio chakula chake. Mmoja alisema wazi: "Mkiweka mtu wa kusimamia wiki mbili za kwanza, sisi tutazoea. Msipoweka, kesho yake nitarudi, na mimi si mbaya kuliko wenzangu."

Wachuuzi ndio walioleta joto. Meza ya mchuuzi inafuata mguu wa abiria. Ukihamisha kituo umehamisha soko la pembeni lote, hata kama kwenye karatasi umehamisha nguzo moja yenye kibao. Mama lishe mmoja aliinuka, akamgeukia mhandisi: "Mwanangu, hapa nimesomesha. Huko mnakotupeleka pana kivuli?" Mhandisi hakuwa na jibu, na nilimheshimu kwa kutobuni la uongo. Diwani akaahidi kwamba ramani ya kituo kipya itakuwa na sehemu ya meza nyuma ya njia ya waenda kwa miguu, na kwamba wa kona watapewa kwanza kabla ya wageni. Imeandikwa kwenye muhtasari, nimeona kwa macho yangu.

Kiongozi wa bodaboda alikuwa na ombi moja tu: kijiwe chao kiwe upande wa kutokea wa kituo, abiria akishuka awaone wao kabla ya bajaji. Bajaji wakapinga. Wakaendelea nje.

Januari, suala la kukata kulia

Tunaendesha kushoto, kwa hiyo mkata kulia lazima apite mbele ya wanaokuja. Makutano ya njia nne ambayo kila mtu anakata anakotaka yana sehemu 32 ambapo njia za magari zinagusana au kukatana. Kiplefti, yaani makutano ya duara, cha njia moja kina 8. Ndiyo maana mjumbe mmoja aliuliza kwa nini tusijenge kiplefti tukamaliza. Jibu: kiplefti kinaishi kwa sheria moja, aliyemo ndani apite kwanza. Uingereza wenyewe walikaa navyo miaka mingi vikijifunga, hadi Novemba 1966 walipoifanya sheria hiyo kuwa ya nchi nzima. Kwetu sheria ipo, anayeitii saa moja asubuhi simjui. Tena kiplefti kikizibwa mlango mmoja kinajaa chote, na milango yetu nimeshaieleza.

Lililobaki ni kuzuia kukata kulia saa za foleni. Wa sokoni anayekwenda nje ya mji akate kushoto, aende mbele, ageuze kwenye uwazi ulioko baada ya kituo cha mafuta, arudi. Zamu nne zinakuwa mbili.

Hapa kikaoni likaibuka jina la Nairobi. Mei 2015 serikali ya kaunti, wakati wa Gavana Evans Kidero, iliziba njia za kukata kulia kwenye viplefti vya Uhuru Highway kwa mapipa, na wenyeji wakayapa jina la gavana. Magari yaliyokwenda moja kwa moja yalipata nafuu, na yale yaliyotaka kukata yakaenda kutafuta pa kugeukia, yakapeleka msongamano huko. Waliokuwa wakipinga walitumia mfano huo, na mimi nautumia pia, kwa sababu unaonyesha tunachopaswa kupima. Ukizuia kulia lazima ujue kwanza uwazi wa kugeukia unabeba nini. Wetu unabeba gari dogo, bajaji na daladala. Lori la viazi haliwezi kugeuka pale kwa mara moja, litarudi nyuma na kuziba pande zote mbili. Kwa hiyo malori ya soko yatashusha kabla ya saa kumi na mbili asubuhi. Wafanyabiashara wa jumla wamekubali upesi mno, jambo linalonitia shaka kidogo.

Februari, jaribio

Vibali vya wenye barabara vimetoka. Tumeweka mapipa yaliyojazwa mchanga, yamepakwa nyekundu na nyeupe, na kibao cha muda cha kituo kwenye mita 60. Hakuna saruji, hakuna kuvunja. Kikishindikana tunaondoa kwa toroli.

Siku ya kwanza ilikuwa matusi. Kibao hakikusomwa na mtu, kila dereva alifika kwenye mapipa akakuta ukuta. Siku iliyofuata tukasogeza kibao cha onyo nyuma, mbele ya msikiti, ili mtu ajue kabla hajachagua njia. Mambo yakatulia.

Naandika tofauti kwa alama za mtaa, maana hizo kila mtu anazikagua mwenyewe: asubuhi mkia wa foleni ya barabara ya soko ulikuwa unapita msikiti na kufika kwenye mashine ya kusaga. Kwenye jaribio umeishia kabla ya msikiti siku nyingi. Upande wa barabara kuu afadhali ipo ila ni ndogo, na jioni uwazi wa kugeukia umejaa kuliko tulivyotaka. Mhandisi anataka njia fupi ya kusubiria pale, magari ya kugeuka yasisimame kwenye njia ya wanaopita.

Mwalimu mkuu amekuja na jambo ambalo hatukulipa uzito. Magari yakienda vizuri, watoto wanavuka vibaya. Foleni ilikuwa inawalinda. Walikuwa wanapita katikati ya magari yaliyosimama. Barabara kuu ina njia nne za mita 3.5, jumla mita 14. Mtu mzima hutembea mita 1.2 kwa sekunde, anavuka kwa sekunde 12 hivi. Mtoto wa darasa la kwanza mwenye begi mgongoni tumpe mita moja, ni sekunde 14, na hapo hajaangusha kiatu. Kwa hiyo kisiwa cha kusimamia katikati kimeingia kwenye mchoro, na zamu ya taa ya kuvukia haitakatwa ili kuongeza kijani cha magari. Kuna mjumbe alitaka ikatwe. Muhtasari unasema imekataliwa, na mimi naandika hapa kwamba imekataliwa.

Machi

Bajeti. Rangi, vibao, kisiwa cha wavukaji na kazi ya udongo ya kituo zimeingia. Kalavati jipya la barabara ya soko limeombwa kupitia TARURA kwa mwaka wa fedha unaoanza Julai. Taa zenye kuhisi magari, ambazo zingemtuliza afande, zimeombwa kwa mwenye barabara kuu. Kivuli cha wachuuzi kilikuwa kimeachwa kwenye jedwali la kwanza. Diwani alisimama nacho mpaka kikarudi.

Aprili

Masika. Hakuna kilichofanyika ila kufagia mchanga uliotoka kwenye mapipa. Rangi ya majaribio imeondoka na maji.

Juni

Kituo kimechimbwa, kifusi kimeshindiliwa, zege la ukingo limekauka. Kibao cha kudumu kimesimamishwa. Sehemu ya meza imepimwa kwa chaki, majina ya wachuuzi wa kona yamesomwa hadharani mbele ya mwenyekiti wa mtaa, na yamezuka majina mawili ambayo hakuna anayeyafahamu. Yameondolewa, ugomvi wake unaendelea.

Kisiwa cha wavukaji kiko nusu. Upande wa shule umekamilika, upande wa pili unasubiri nguzo ya umeme ihamishwe.

Kukata kulia kumezuiwa saa kumi na mbili hadi saa tatu asubuhi, na saa kumi hadi saa mbili usiku. Nje ya saa hizo ruksa. Njia ya kusubiria kwenye uwazi wa kugeukia bado ni mchoro.

Usimamizi wa wiki mbili wa kituo kipya unaanza Jumatatu, mgambo wawili wa kata pamoja na kiongozi mmoja wa madereva. Bodaboda wameshahamia bila kusubiri barua, wamekaa upande wa kutokea. Bajaji wameandika malalamiko, yatasikilizwa Alhamisi.